Sarafu za Wagiriki wa Afghanistan, kwa jicho la sonara wa Kisutu

Gramu 169.2. Kwa tola, kipimo ambacho sisi masonara wa zamani hatujakiacha, hiyo ni tola 14 na nusu, na yote imo ndani ya sarafu moja ya dhahabu yenye upana wa milimita 58. Ilipigwa katika karne ya 2 KK kwa amri ya Eucratides, mfalme Mgiriki aliyetawala Bactria, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo ni kaskazini mwa Afghanistan. Hakuna sarafu ya dhahabu iliyobaki kutoka enzi za kale iliyo kubwa kuliko hiyo. Ilitokea Bukhara, ikafika Ulaya mwaka 1867, Mfalme Napoleon III wa Ufaransa akainunua kwa faranga 30,000, na mpaka leo imehifadhiwa Paris katika Maktaba ya Taifa. Inasimuliwa kwamba walioipata walikuwa watu saba, wakaigombania, na watano wakafa.

Mfalme huyo wa dhahabu ndiye aliyetajwa katika jina la kitabu ninachokihakiki hapa, Lost World of the Golden King, cha Profesa Frank L. Holt wa Marekani, kilichotolewa mwaka 2012 na University of California Press. Ni kitabu kuhusu sarafu za Wagiriki waliotawala katikati ya Asia, na kuhusu watu waliozisaka, waliozisoma na waliozipoteza kwa karibu miaka 300.

Mimi ni sonara. Meza yangu iko Kisutu, Dar es Salaam, na kazi hii nilianza kwa kushikishwa mvukuto nikiwa mtoto, kwa marehemu mjomba wangu. Historia ya Wagiriki hakuna aliyenifundisha. Lakini dhahabu, fedha na shaba nazijua zinavyofanya zikiwa motoni na zikiwa chini ya nyundo, na kitabu hiki kinazungumzia vitu hivyo hivyo. Nimekisoma na penseli mkononi, sura nyingine nikizirudia, na nasema bila kusita kwamba sijapata kushika kitabu cha sarafu kilicho bora kuliko hiki. Sababu yangu ni moja: msomi huyu hakuishia kwa wafalme. Amewatafuta waliochonga, waliopiga, waliohesabu na waliofukia.

Kwanza niweke wazi Wagiriki walifikaje huko, maana hata wateja wangu waliokiona mezani waliniuliza hivyo hivyo. Alexander alivuka milima ya Hindu Kush mwaka 329 KK, akapigana Bactria hadi 327 KK, kisha akaelekea India na kuacha nyuma maelfu ya askari wakae kama walowezi. Alipofariki, eneo hilo mwishowe liliangukia mikononi mwa jemadari wake Seleucus na ukoo wake. Kiasi cha mwaka 250 KK gavana aitwaye Diodotus akaanza kujitenga, na hatua za kujitenga kwake zinasomeka kwenye sarafu. Mwanzoni kuna sura mpya na picha mpya ya mungu Zeus akirusha radi, lakini jina lililoandikwa bado ni la bwana wake, Antiochus. Kisha jina nalo linabadilika. Baadaye alikuja Euthydemus, aliyezingirwa na Antiochus III ndani ya mji wa Bactra kuanzia 208 hadi 206 KK na asing'oke. Mwanawe Demetrius anaonekana kwenye fedha zake amevaa kichwani ngozi ya kichwa cha tembo, mkonga umeinuka juu ya paji la uso. Halafu Eucratides, ambaye Justin, mwandishi wa Kirumi, anasema aliuawa na mwanawe mwenyewe, na mwana huyo akapitisha gari la farasi juu ya damu ya baba.

Maandishi ya kale yanayowataja watu hawa ni machache mno: mistari kadhaa ya Polybius, Strabo, Justin. Wafalme wa Kigiriki wa Bactria na India wanaojulikana leo wanazidi 40, na wengi wao hawatajwi popote isipokuwa kwenye sarafu. Mtu alitawala, akatoza kodi, akapigana vita, na kilichobaki ni uso wake kwenye kipande cha fedha cha gramu 17. Uzito huo, kwa faida ya msomaji, ndio wa drakma nne (drakma ni sarafu ya fedha ya Wagiriki) kwa kipimo cha Athens, na Bactria waliufuata ingawa walikuwa mbali kabisa na Athens.

Holt anaanza na Bayer, msomi Mjerumani aliyekuwa St. Petersburg, ambaye mwaka 1738 alitoa kitabu kizima cha historia ya ufalme huu akiwa na sarafu za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Baada yake ikaja enzi ya kuorodhesha. Kila sarafu mpya ilikuwa jina jipya la mfalme wa kuongezwa kwenye orodha, na wasomi walishindana kujaza mapengo. Kisha wakaja waliozipanga sarafu hizo kuwa hadithi ya vita na koo za kifalme, mara nyingi wakivuka ushahidi waliokuwa nao. Holt anaziita namna hizo za usomi kwa majina, anaonyesha kila moja ilileta nini na ilikosea wapi, na hamwonei mtu. Sehemu hii inaweza kumchosha asiyependa mabishano ya wasomi. Mimi haikunichosha, kwa sababu ndani yake nilikutana na watu wawili ambao sikuwa nimewasikia.

Wa kwanza ni Charles Masson. Jina lake halisi lilikuwa James Lewis, askari wa Kampuni ya India Mashariki aliyetoroka jeshini, akabadili jina na kutembea kwa miguu mpaka Afghanistan. Katika miaka ya 1830 alikusanya makumi ya maelfu ya sarafu kutoka uwanda wa Begram, kaskazini mwa Kabul. Alizichora, akaandika zilikotoka, akazipeleka India.

Wa pili ndiye aliyenisimamisha kusoma nikaenda kupumua nje. James Prinsep alikuwa mpima madini wa kiwanda cha sarafu cha Calcutta. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kama yangu: kuthibitisha fedha hii ni safi kiasi gani, dhahabu hii ina shaba kiasi gani. Sarafu za wafalme wa Kigiriki waliovuka milima kuingia upande wa India zina maandishi mawili, Kigiriki upande mmoja, na upande wa pili maandishi ya wenyeji yaitwayo Kharoshthi, ambayo wakati huo hapakuwa na mtu hai aliyeweza kuyasoma. Prinsep alilinganisha jina la mfalme upande huu na upande ule, herufi kwa herufi, na hadi kufikia mwishoni mwa miaka ya 1830 yeye na wenzake walikuwa wameanza kuyafungua. Maandishi ya Brahmi nayo aliyafungua mwaka 1837, na kwa hilo amri za Mfalme Ashoka zilizochongwa kwenye miamba ya India zikasomeka tena. Alifariki mwaka 1840 akiwa na miaka 40 tu. Mtu wa mizani na jiwe la kupimia dhahabu ndiye aliyeirudishia India sehemu ya sauti yake ya kale. Kila sonara wa mji huu anapaswa kulijua jina hilo.

Sasa nije kwenye kiini, pale Holt anapoacha kuuliza mfalme yupi alimfuata yupi na kuanza kuuliza sarafu hii ilipita mikononi mwa nani. Nieleze kazi ilivyofanyika, kwa sababu ukishaielewa kitabu kinafunguka. Muhuri wa chini, mara nyingi ndio wenye uso wa mfalme, ulipachikwa kwenye fuawe. Kipande cha fedha kilichokwisha kupimwa uzito kiliwekwa juu yake. Muhuri wa juu ulishikwa kwa mkono au kwa koleo, na mtu akashusha nyundo nzito. Pigo likipinda, picha inahama. Likipigwa mara mbili, mfalme anapata pua mbili. Muhuri ukichoka unapasuka, na ufa huo unaonekana kwenye kila sarafu iliyopigwa baadaye, ukikua kidogo kidogo, kiasi kwamba wasomi wanaweza kuzipanga sarafu za muhuri mmoja kwa mfuatano wa kupigwa kwake.

Na yule aliyechonga muhuri? Alichonga kinyumenyume. Kinachotakiwa kusomeka kushoto kwenda kulia lazima akichonge kulia kwenda kushoto, na kinachotakiwa kutokeza lazima akichimbe. Ninapochora herufi za majina ya maharusi kwenye muhuri wa pete nafanya kazi hiyo hiyo, kwa herufi mbili tu, nikiwa na lenzi na taa ya umeme, na bado jasho linanitoka. Wao walichonga cheo na jina zima la mfalme kuzunguka ukingo wa duara dogo, kwa mwanga wa jua. Katika baadhi ya sarafu kuna herufi iliyorukwa kisha ikabanwa juu ya nyingine, kuna neno lililoishiwa nafasi, kuna herufi iliyogeuka. Wasomi wa zamani waliyapita makosa haya kwa haraka au waliyatumia kuwadharau waliochonga. Holt anayakusanya na kuyauliza: aliyechonga alijua Kigiriki au alinakili umbo tu? Msimamizi aliliona kosa akaliachia, au hakuwepo msimamizi? Hapo nilipigia mstari karibu kila sentensi.

Ukifuata makosa hayo hadi mwisho unauona ufalme ukianguka. Baada ya Wagiriki kuondoka Bactria, watu wa nyika waliochukua nchi waliendelea kupiga sarafu kwa mfano wa zile za Eucratides na za Heliocles, mfalme mwingine wa Kigiriki wa huko. Maandishi ya Kigiriki yanaharibika kizazi baada ya kizazi, mpaka herufi zinabaki kuwa vijiti na vitone. Lakini watu wa sokoni waliendelea kuzipokea. Walichokiamini ni ule mwonekano waliouzoea, na fedha iliyokuwemo.

Niongeze jambo la ufundi ambalo wenzangu watalifurahia. Wafalme watatu wa eneo hilo, Euthydemus II, Pantaleon na Agathocles, walipiga sarafu ndogo za mchanganyiko wa shaba na nikeli, mwanzoni mwa karne ya 2 KK. Ulaya ilianza kupiga sarafu za mchanganyiko huo katika karne ya 19. Shilingi yetu ya 1966, yenye uso wa Mwalimu upande mmoja na mkono ulioshika Mwenge upande wa pili, ni shaba na nikeli vilevile. Nikeli ni sumbufu, inataka moto mkali kuliko dhahabu. Mafundi wa Bactria hawakuwa na jina la nikeli kama tunavyoijua leo, lakini mchanganyiko wenyewe walikuwa nao, na mikono yao iliumudu.

Agathocles huyo huyo alipiga pia sarafu za fedha za pembe nne kwa mtindo wa Kihindi. Mwaka 1970 sita kati ya hizo zilichimbuliwa Ai Khanoum, zikiwa na maandishi ya Kigiriki na ya Brahmi, na juu yake wamesimama miungu wawili wa Kihindi, Krishna na kaka yake Balarama. Mfalme mwenye jina la Kigiriki aliwapa watu wa nchi ile miungu yao wenyewe kwenye fedha yake.

Ai Khanoum ni mji wa Kigiriki uliokuwa ukingoni mwa mto Amu Darya, Wagiriki wakiuita Oxus. Mwaka 1961 Mfalme Zahir Shah wa Afghanistan alikuwa akiwinda maeneo yale akaonyeshwa mawe ya nguzo yaliyochongwa kwa mtindo wa Ugiriki. Wafaransa wakiongozwa na Paul Bernard walichimba hapo hadi 1978, vita vikawafukuza. Walikuta ukumbi wa maonyesho, uwanja wa mazoezi, na jumba kubwa lenye hazina. Katika hazina hiyo kulikuwa na vigae vya mitungi iliyokuwa ikiwekewa fedha, na juu yake maandishi ya wino ya makarani. Mtungi mmoja unasema fedha imetoka kwa Zenon, imehesabiwa na Oxyboakes na Oxybazos, drakma 500, kisha ikatiwa lakiri. Zenon ni jina la Kigiriki. Wale wawili wana majina ya wenyeji wa nchi, majina yaliyobeba jina la mto wao Oxus. Wawili wamehesabu, mtungi umefungwa, jina limeandikwa ili ikipungua ajulikane wa kuulizwa. Ukurasa wa daftari la karani, miaka 2,100 na zaidi iliyopita. Nilimsomea kijana wangu wa kazi, akasema, "Mjomba, kumbe hata wao walikuwa wanasainishana."

Baada ya vita kuanza mji huo ulichimbwa tena, safari hii na wezi, mpaka ardhi ikabaki mashimo matupu. Hapa kitabu kinabadilika sauti, na nadhani Holt ameandika sura hizi kwa uchungu wa kweli.

Hazina iliyofukiwa ni kibubu ambacho mwenyewe hakurudi kukivunja. Kila moja inaficha msiba: mtu aliyesikia jeshi linakuja, akachimba usiku, akafukia, akauawa au akakimbia moja kwa moja. Mwaka 1946 karibu na Qunduz zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 600, zikiwemo tano za Mfalme Amyntas zenye drakma 20 kila moja, kubwa kuliko sarafu zote za fedha ambazo Wagiriki walipata kupiga. Hazina hiyo ilibahatika ikaandikwa vizuri na kuchapishwa. Mwaka uliofuata, 1947, mahali paitwapo Mir Zakah, mpakani kuelekea Pakistan, sarafu zilianza kutoka katika chemchemi, na zaidi ya 11,000 ziliokolewa. Halafu mwaka 1992 chemchemi hiyo hiyo ikatoa tena. Wanakadiria zilizidi laki 5, uzito wake tani kadhaa. Osmund Bopearachchi, msomi wa Sri Lanka na bingwa wa sarafu hizi, alioneshwa sokoni Peshawar mwaka 1994 magunia sita ya kilo 50 kila moja. Magunia, kama ya mchele wa Mbeya! Zikatawanyika duniani kote, nyingine zikayeyushwa, na haijulikani tena ipi ilikuwa jirani na ipi, ipi ilikuwa juu na ipi chini.

Holt anaeleza kwa subira kilichopotea. Sarafu moja moja zinaweza kuonekana kwenye minada, zimeoshwa, zinang'aa, na wanunuzi wanafurahia aina mpya. Yeye anasema wazi kwamba furaha ya kupata kitu kipya imewalevya hata wasomi, wakasahau kuuliza kimetoka wapi. Wapo watakaoona amewakalia vikali wakusanyaji, maana bila wao nyingi zisingejulikana kabisa. Mimi naona amesema haki. Nimeona sisi masonara tukifanya lile lile kwa mlango wa nyuma: kinaletwa kitu cha zamani, tunapima, tunalipa kwa gramu, tunatia kwenye chungu cha kuyeyushia. Fedha ya reale za Maria Theresa, zile zenye mwaka 1780 ambazo ziliendelea kupigwa kwa mwaka huo huo miaka mingi baadaye, imeishia kwenye bangili na vikuku vya pwani hii kwa vizazi. Reale ziko nyingi, hasara yake ndogo. Vitu vingine havipo vingi hivyo.

Juzi juzi aliingia kijana kutoka upande wa Kilwa na kifurushi cha nailoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba baba, karibu."

"Mzee, hizi zinayeyuka?"

Vipande vya shaba, vidogo, vimeota kutu ya kijani. Nilivipeleka chini ya lenzi nikaona mwandiko wa Kiarabu. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe za shaba. Zile za Ali bin al-Hassan zina vina, upande mmoja ukiitikia upande wa pili, na hazina mwaka. Sarafu za Kilwa zimeokotwa mbali sana. Moja ilipatikana Zimbabwe Kuu. Tano ziliokotwa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, mwaka 1944. Nikamuuliza kijana amezitoa wapi, akasema ufukweni, maji yakitoka. Ufukwe upi? Zilikuwa pamoja au zimetawanyika? Kulikuwa na vigae? Ukuta je? Nikaandika majibu yake kwenye karatasi kabla hajasahau. Kwa bei ya shaba zisingemrudishia hata nauli, na kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 si vitu vya kuuziana dukani. Nikafunga duka, tukashuka wote mpaka Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, wakampokea na karatasi yake. Maswali niliyomuuliza yote nimeyatoa kwenye kitabu hiki.

Yapo mambo mawili ambayo msomaji wa pwani atayaongeza mwenyewe kwenye kitabu hiki. La kwanza: kile kitabu cha mabaharia cha karne ya 1, Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinachotaja Rhapta, bandari ambayo wasomi wengi wanaiweka kwenye pwani ya Tanzania, kinasema pia kwamba huko Barygaza, ambayo leo ni Bharuch nchini India, zilikuwa bado zinaonekana drakma za zamani zenye herufi za Kigiriki na majina ya Apollodotus na Menander. Wote wawili ni wafalme wa ukoo huu wa Wagiriki wa Asia. Kitabu kimoja cha bahari moja, kinataja pwani yetu na sarafu zile. Sisemi zilifika huku, hakuna aliyethibitisha. Nasema mabaharia wa Bahari ya Hindi walizijua.

La pili ni tembo. Apollodotus alipiga drakma za fedha za pembe nne, tembo upande mmoja na ng'ombe wa nundu upande wa pili. Mwaka 1916 Wajerumani, wakiwa wamebanwa na vita na meli haziji, walipiga Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15, kwenye karakana ya reli, kwa dhahabu ya Sekenke, na juu yake wakamweka tembo mbele ya mlima. Nimewahi kuishika moja ya mteja, ikiwa imetiwa kikonyo cha mkufu. Utawala uliobanwa unapiga dhahabu kwa mashine za kuazima na unamchonga mnyama mkubwa kuliko wote. Nilipofika kwenye sura za kuanguka kwa Bactria, ile ya Tabora haikunitoka kichwani.

Kasoro zipo. Kitabu kimeelemea Bactria, na wafalme wa upande wa India hawapati nafasi wanayostahili. Menander, ambaye Wabudha wamemhifadhi katika mazungumzo yake na mtawa Nagasena, anapita haraka mno. Picha hazitoshi kwa mtu anayetaka kuona mkono wa mchongaji; nimelazimika kutafuta nyingine kwenye tovuti za makumbusho ya Paris na London na kuzikuza kwenye simu. Maelezo ya nyuma yamejaa Kifaransa na Kijerumani. Kiingereza chenyewe ni chepesi, aliyemaliza kidato cha nne na mwenye subira atakimudu, isipokuwa zile sura za mabishano ya wasomi, ambazo anaweza kuzipitia juu juu akarudi baadaye.

Bei ni kikwazo cha kweli. Niliagiza kupitia duka la vitabu la mjini, ikanigharimu zaidi ya shilingi laki moja, ikachelewa, na msafirishaji akaileta imelowa pembeni. Toleo la kusomea kwenye simu ni nafuu, lakini ramani zinakuwa ndogo mno. Kwa mwanafunzi wa historia au akiolojia pale Mlimani, naomba maktaba ndiyo inunue. Kwa masonara, wauza vitu vya kale na wanaokusanya sarafu mjini hapa, changeni watatu wanne mnunue nakala moja.

Ninachokitamani sasa ni mtu wetu aziandikie sarafu za Kilwa na Mafia kitabu cha namna hii, kwa Kiswahili, chenye wachongaji, makosa yao, mitungi yao na mahali kila kipande kilipookotwa. Kazi ya kuzipima na kuzipiga picha niko tayari kuifanya bure.

Nakala yangu siiazimi mtu kwenda nayo nyumbani. Anayetaka kuisoma aje dukani baada ya alasiri, wateja wakipungua, kiti kipo na lenzi ipo.